Mgeni Njoo

Saa kumi na mbili kasorobo, Tartu bado usiku,
theluji imekwisha kuzifukia baiskeli uani,
nami nafungua friza, nyuzi themanini chini ya sifuri,
nitoe mavi ya mtu.
Tuseme hivyo hivyo. Kwenye fomu ni "sampuli",
Daktari Viiu huyaita "nyenzo",
lakini kopo ni kopo.
Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga,
nao hawakuwahi kuona friza.

Mtoaji wetu ni namba: kumi na saba.
Huacha kopo dirishani akikimbilia makasia,
viatu vyake vikiacha maji sakafuni.
Tulimpima mpaka akachoka: damu, mate,
safari zake, kila dawa aliyomeza tangu utotoni.
Katika mia waliojitolea walipita wanne.
Ni rahisi zaidi kuwa rubani.

Mgonjwa wa tisa ana jina, maana alikataa kuitwa tisa.
Endel Raudsepp. Miaka thelathini na miwili
aliongoza treni kwenye makutano ya Tapa,
na sasa haendi popote kabla ya kuuliza choo kiko wapi.
Utumbo mpana vidonda vitupu.
Damu mara saba kwa siku; anaiandika kwa penseli,
saa na dakika,
kana kwamba nayo ina ratiba.

Kisahani chake cha kwanza kilikuwa mji uliohamwa.
Nilihesabu bakteria mara mbili nikidhani nimekosea.
Mgeni njoo, nikasema peke yangu,
mwenyeji apone.

Vidonge thelathini. Alimeza kimoja kimoja
kwa maji ya vuguvugu, akitazama mto ulioganda.
"Namla nani?" akauliza.
Hakuna aliyejua: si yeye, si Viiu, si mimi.
Kompyuta ilikwisha kupiga kura,
jibu likalala ndani ya bahasha.

Wiki ya nne damu ilikoma.
Wiki ya sita akaanza visa:
anatamani bitiruti mbichi, anaamka kabla ya saa,
magoti mepesi.
"Ni mwanamke," akasema, akilipapasa tumbo
kama anayebisha hodi. "Ana subira.
Asubuhi namsalimu."

Machi, Jumatatu, bahasha zikafunguliwa.
Namba tisa: kundi la pili.
Kundi la pili hawakupewa mgeni.
Walirudishiwa cha kwao wenyewe,
kimechujwa, kimegandishwa, kimefungwa vyema.
Yamo ukurasa wa nne, alitia sahihi.
Nani husoma ukurasa wa nne?

Viiu akasema mtu mmoja hatikisi takwimu,
na ugonjwa huu huja ukaondoka utakavyo.
Kweli. Nikaandika: nafuu, kundi la pili. Nukta.
Lakini kisahani kipya kilijaa hadi ukingoni,
madoa ya kijivu, ya kahawia, bega kwa bega.
Walikuwa wapi hawa?
Kona gani ya utumbo walikaa bila taa,
na walikuwa wakingoja nini?

Itifaki yataka mgonjwa aambiwe. Zamu yangu.
Alikaa, kofia magotini. Nikamwambia.
Akanyamaza kadiri ya treni ndefu ya mizigo kupita.
"Basi yule mwanamke..."
"Hakuna mwanamke, Endel."
"Ni mimi."
"Ni wewe."
Akavaa kofia. Akaivua.
"Sabini na mmoja," akasema, "na miaka yote hiyo
sikuwahi kujiamkia."

Nilidhani atalia, au atatushtaki.
Mlangoni akageuka:
"Mmebakiza?"
"Makopo mawili. Rafu ya chini."
"Yatunzeni," akasema, akifunga vifungo vya koti
taratibu, kuanzia chini.
"Na msiyachanganye na ya watu."